Sauti Hushikwa Wapi? Kutoka Sindano ya Santuri Hadi Sabufa ya Mzenga

Mzenga ni kata ya wilaya ya Kisarawe, katika Mkoa wa Pwani, na msafiri wa reli ya TAZARA huijua kwa stesheni yake, inayofikiwa baada ya treni kuuacha mji wa Dar es Salaam. Ni nchi ya Wazaramo, nchi ya mikorosho, miembe na mihogo. Nilifika huko kwa mambo ya ukwe nikakaa siku tatu, na katika usiku wa pili yakatokea haya ninayotaka kuyaeleza.

Baada ya kula, kijana wa nyumba aliwasha sabufa yake, iliyokuwa ikitumia betri ya sola, akaiunganisha na simu. Bibi yake, mwenye nyumba, mama wa makamo ya miaka sabini na zaidi, akaomba tuwekewe taarab ya zamani, kwa kuwa mgeni ni mtu wa Unguja na asiondoke bila ya kukirimiwa cha kwao. Wimbo ukaanza, na mlango ukaanza kutikisika. Bibi akainamisha kichwa, akauliza, "Anasema nini?" Kijana akaongeza sauti. Bibi akauliza tena. Kijana akaongeza tena, hata vikombe vikawa vinacheza juu ya meza. Kisha akanisogelea akaninong'oneza, kama mtu anayeomba radhi kwa niaba ya mwenziwe: "Mjomba, masikio ya Bibi yamekwisha." Bibi, ambaye neno hilo alilisikia vyema kabisa, hakujibu. Akautwaa ukili wake akaendelea kusuka.

Jambo hilo lilinikosesha usingizi. Mtu anayesikia mnong'ono uliokusudiwa asiusikie, anawezaje kushindwa na wimbo unaotikisa mlango? Nikaona kwamba swali la mahali pa kushika sauti katika chombo cha nyumbani, swali ambalo twawaachia mafundi na vijana, lina historia ndefu katika pwani yetu, na kwamba historia hiyo inamhusu kila apendaye shairi. Maana shairi la kuimbwa limetufikia kwa mikono mingi, na kila mkono katika mikono hiyo ulikuwa na uwezo wa kupandisha au kushusha kitu fulani. Aliyeshika pasipo pake, alipandisha kelele akashusha neno.

Tuanze na zama ambazo hapakuwa na mashine. Mwimbaji na mpigaji walikuwa wao wenyewe ndio mahali pa kushika sauti. Mpiga ngoma aliisogeza ngoma yake motoni ili ngozi ikaze, na alijua kiasi; nao wahenga walikwisha kumwonya kwamba ngoma ikivuma sana hupasuka. Katika vikundi vya taarab vya Unguja, kama vile Nadi Ikhwan Safaa kilichoasisiwa mwaka 1905, mpigaji wa kanuni na mpigaji wa udi walimpisha mwimbaji alipofika penye neno, wakarudi kwa nguvu alipopumzika. Huko kupishana ndiko kulikokuwa kuongeza na kupunguza. Hakuna aliyehitaji kugusa chombo kingine, kwa kuwa aliyelisikia neno ndiye huyo huyo aliyelifanyia nafasi.

Mwaka 1928 Siti binti Saad, binti wa Fumba, alisafiri na wenzake kwenda Bombay kurekodi nyimbo kwa ajili ya kampuni ya santuri yenye alama ya mbwa anayesikiliza, His Master's Voice. Safari hiyo imekwisha kuandikwa sana, na Shaaban Robert alimwandikia bibi huyo wasifu. Lakini ni wachache waliouliza sahani zile zilipofika nyumbani zilisikilizwaje. Gramafoni ya kuzungusha kwa mkono haikuwa na kitufe cha sauti. Sahani ya inchi kumi ilizunguka mara 78 kwa dakika, ikachukua muda wa kama dakika tatu kwa kila upande; sindano ya chuma ikapita katika mfereji wake, ikatikisa kiwambo chembamba, na mtikisiko huo ukakuzwa na pembe. Umeme haukuwamo kabisa katika kazi hiyo. Nguvu yote ya sauti ilitoka katika mtikisiko wa sindano.

Basi aliyetaka kupunguza sauti alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa ni kubadilisha sindano: ziliuzwa sindano nene za sauti kubwa na sindano nyembamba za sauti ya chini, na kwa desturi sindano ya chuma ilitupwa baada ya kupiga upande mmoja wa sahani. Ya pili ilikuwa kwenye mdomo wa pembe. Kuanzia mwaka 1906 kampuni ya Victor ya Marekani iliuza gramafoni iliyofichwa pembe yake ndani ya kabati lenye vijilango, ukivifunga, sauti hupungua, ukivifungua, huongezeka. Asiyekuwa na kabati aliweza kutia kitambaa pembeni. Ona basi jinsi mambo yalivyokuwa: sauti ilishikwa mwanzo kabisa, penye sindano, au mwisho kabisa, penye mlango. Katikati hapakuwa na kitu cha kushika.

Katikati hapo palifunguliwa na umeme. Mwaka 1925 kampuni kubwa za santuri zilianza kurekodi kwa maikrofoni badala ya kumlazimisha mwimbaji apaze sauti mbele ya pembe, na ndani ya miaka hiyo hiyo redio na vikuza sauti vya valvu za kioo vilianza kuingia majumbani Ulaya na Marekani. Valvu hupokea umeme mdogo ikatoa mkubwa unaofanana nao. Sasa kulikuwa na mto wa umeme unaopita kutoka chanzo hadi kwenye spika, na fundi aliweza kuweka lango popote katika mto huo. Redio za mwanzo ziliwekewa lango mahali pabaya: mwenye nyumba alipunguza sauti kwa kupunguza umeme unaozichemsha valvu zenyewe, na valvu iliyopozwa haikupunguza sauti tu, bali iliiharibu. Baadaye mafundi wakakubaliana juu ya mahali ambapo lango limebaki mpaka leo katika vyombo vingi: baada ya hatua ya kwanza ya ukuzaji na kabla ya hatua ya mwisho yenye nguvu. Hapo umeme bado ni mdogo na kuupunguza hakugharimu kitu, wala hakuiumizi ile hatua kubwa inayosukuma spika.

Lango lenyewe ni kitu cha unyenyekevu. Ni utepe wa kaboni uliopindwa mfano wa kwato ya farasi, na mkono mdogo unaoteleza juu yake. Kadiri mkono unavyokwenda, ndivyo umeme mwingi zaidi unavyoruhusiwa kupita. Lakini utepe huo una hila ndani yake, na hila hiyo yatokana na sikio la binadamu. Sikio halihesabu kwa kujumlisha, huhesabu kwa kuzidisha. Ili sauti isikike kuwa imekuwa maradufu, nguvu ya umeme haina budi iongezwe kiasi cha mara kumi. Kwa sababu hiyo wataalamu waliunda kipimo cha desibeli, chenye jina la Alexander Graham Bell, na mafundi wakautengeneza utepe ule usiwe sawasawa: katika vitufe vingi vya aina hii, nusu ya mzunguko hupitisha kama sehemu moja tu kati ya kumi ya volti zilizoingia. Kitufe kinapokuonesha nusu, kinasema juu ya sikio, hakisemi juu ya umeme. Na kinapokuwa hakijafika mwisho, haina maana kuwa chombo bado kina akiba. Chanzo kikiwa na nguvu, kikuza sauti hufika ukomo wake kitufe kikiwa bado katikati, na mzunguko wote uliobaki ni wa kukwaruza tu.

Hapa Afrika Mashariki, redio ndiyo iliyokuwa chombo kikuu cha nyumbani. Mwaka 1951 zilianza Sauti ya Dar es Salaam na Sauti ya Unguja. Ya Dar es Salaam ikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Kutoka mbali zilikuja nyingine: Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1954, na BBC mwaka 1957. Nyingi kati ya sauti hizo zilipokewa kwa masafa mafupi, ambayo hupanda na kushuka kama maji ya bahari kwa kuwa hurejeshwa na tabaka za juu za anga. Kama msikilizaji angeachiwa kitufe peke yake, angekuwa na kazi ya kuzungusha usiku kucha. Aliyemwokoa ni Mmarekani Harold Wheeler, ambaye mwaka 1925 alibuni njia ya redio kujishika sauti yenyewe: wimbi likidhoofika redio hujiongeza, likipata nguvu hujipunguza. Kwa hiyo mikono miwili ilikuwa ikishika sauti kwa wakati mmoja, mmoja wa mwenye nyumba na mmoja uliojificha ndani ya sanduku.

Gharama nayo ilikuwa mkono wa tatu. Mwaka 1949, huko Lusaka, katika nchi ambako baadaye reli inayopita Mzenga ingefikia, Harry Franklin alifanikiwa kupata redio ya bei nafuu kwa wananchi wa kawaida. Sanduku lake lilitokana na sufuria ya alumini, na watu wakaiita redio ya sufuria. Iliuzwa pauni 5, na betri yake, iliyodumu kama saa 300, ilikuwa na bei yake mbali. Ilipokuja transista katika miaka ya 1950 na 1960, redio ikawa ndogo na betri zikawa za mkononi. Lakini kulikuwa na siri ambayo kila mwenye redio aliijua bila ya kufundishwa: katika redio nyingi za transista, sauti ikipandishwa, betri huliwa haraka zaidi. Kampuni ya Matsushita ya Japani ilianzisha kiwanda Dar es Salaam mwaka 1966, na jina la National likawa jina la betri na la redio katika nyumba nyingi. Betri zilipochoka zilianikwa juani, wakati mwingine juu ya bati, ili zitoe saa chache zaidi. Aliyeketi karibu na redio, sauti ikiwa ya chini, hakuwa mnyonge. Alikuwa akiweka akiba ya taarifa ya habari ya kesho.

Ndipo ikaja adabu ya kusikiliza kwa pamoja. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi, wakasikiliza kipindi cha redio kisha wakakijadili na kuamua la kufanya: kufyeka vichaka, kuchimba vyoo, kuchemsha maji. Fikiri juu ya kikundi kama hicho chini ya mwembe, redio moja ndogo katikati. Hakuna kitufe kitakachoifanya spika ya ukubwa wa sahani ya chai iwafikie wote kwa nguvu. Watu ndio wanaosogea. Nafasi kati ya sikio na spika nayo ni kishikio cha sauti, tena ni cha bure: mahali pa wazi, ukiupunguza umbali kwa nusu, umeongeza kiasi cha desibeli 6, sawa na kuzidisha nguvu ya kikuza sauti mara nne. Wazee waliobana duara lao hawakuijua hesabu hiyo, lakini waliitumia.

Kisha kaseti. Philips waliileta duniani mwaka 1963, na kufikia miaka ya 1980 ndiyo iliyobeba taarab kutoka Unguja hadi Mombasa, Dar es Salaam, Maskati na Dubai. Kaseti iliongeza mahali papya pa kushika sauti, na ndipo mahali pa hatari kuliko pote: wakati wa kunakili. Aliyenakili kwa sauti ya chini mno aliizamisha nyimbo ndani ya mvumo wa utepe wenyewe, ule mchemko usiokoma, na msikilizaji alipoongeza sauti baadaye aliongeza wimbo na mchemko pamoja. Aliyenakili kwa sauti ya juu mno aliisukuma sindano ya kipimo hadi kwenye nyekundu, utepe ukashiba, na vilele vya sauti vikabanwa. Kosa la namna hiyo halina toba. Maji yaliyotiwa chumvi kisimani hayawi matamu kwa kubadilisha mtungi. Na kaseti zetu hazikunakiliwa mara moja. Zilinakiliwa kutoka kwa nakala ya nakala, kila mkono ukiongeza mchemko wake, na kila nakala ikipoteza kidogo zile sauti nyembamba za juu.

Hapa mpenda shairi asimame kidogo, maana sauti nyembamba za juu ndizo zenye kubeba konsonanti. Irabu ni nzito na zina nguvu. Konsonanti nyingi ni pumzi tu, ni mguso wa ulimi na meno, na alama zake kubwa zinakaa katika masafa ya hezi 2,000 na kuendelea. Tazama lugha yetu ilivyo. Faa, kaa, paa, saa, taa, zaa: maneno sita, na yaliyoyatenga ni yale yanayotoweka kwanza. Mizani ya shairi imo katika idadi ya silabi, na silabi za Kiswahili husimama juu ya irabu, hivyo mizani huokoka hata katika kaseti mbovu. Kina nacho ni silabi nzima, konsonanti na irabu yake. Ikipotea konsonanti, beti yenye vina vya -ta na -ka na -pa yote husikika kuwa ni a, a, a. Msikilizaji husikia kwamba pana shairi asijue ni shairi gani.

Na hayo ndiyo yanayomfikia binadamu kwa uzee. Sikio linapochakaa, huanza kuchakaa kwenye sauti nyembamba za juu. Mzee husikia kishindo, husikia gari, husikia kwamba mtu anazungumza, lakini maneno humchanganyikia. Katika chumba kimya, mtu akinena karibu naye, hata kwa mnong'ono, anaweza kukamata. Mrundikie ngurumo chini yake, asikamate chochote, kwa kuwa sauti nzito ikiwa kubwa huzifunika zile nyembamba zilizo juu yake. Na hilo si la wazee peke yao, ni tabia ya kila sikio. Mwaka 1933 Fletcher na Munson walichapisha vipimo vyao vilivyoonesha kwamba sikio halizipokei sauti zote kwa usawa: kwa sauti ya chini, besi hulipotea. Ndiyo sababu vikuza sauti vingi vya nyumbani viliwekewa kitufe cha kuongeza besi kwa yule asikilizaye taratibu usiku. Kitufe hicho kilikusudiwa sauti ya chini. Sisi tukakiacha kimewashwa, kisha tukapandisha sauti.

Sasa tuje kwenye sabufa yenyewe, ambayo ndiyo santuri ya zama hizi. Ni boksi kubwa la besi lenye kikuza sauti ndani yake, na spika ndogo mbili au zaidi zinazotoka kwa waya. Boksi kubwa hupiga ngurumo. Spika ndogo ndizo zinazosema. Mbele yake kuna vitufe vitatu kwa kawaida: sauti yote, besi na trebo. Ukiiunganisha na simu, unapata kitufe kingine cha sauti kwenye simu, na pengine cha programu ya muziki, na juu yake marekebisho ya besi ya simu. Mwenye gramafoni alikuwa na sindano na mlango. Mjukuu wa Mzenga ana mahali pasipopungua patano pa kushika, na hakuna aliyemwambia pana tofauti.

Tofauti ipo, na historia tuliyoipitia ndiyo inayoifafanua. Chanzo kishikwe juu, kwa sababu ya kisa cha kaseti: simu ikiwekwa chini na sabufa ikapandishwa mno, mchemko na mngurumo wa waya hukuzwa pamoja na wimbo. Juu, lakini si mpaka ikwaruze. Ikianza kukwaruza, rudi nyuma hatua moja au mbili, na marekebisho yote ya besi ya simu yazimwe, kwa maana chanzo kilichokwisha kupasuka hakishonwi mbele. Chanzo kikishawekwa, kiachwe. Sauti ya kila siku ishikwe kwenye kikuza sauti, pale katikati mafundi walipopachagua. Kwa mwenye vyombo vya hadhi zaidi, ambaye kikuza sauti chake cha mwisho kipo mbali na kile cha awali na kina kitufe chake chenyewe, kitufe hicho huwekwa mara moja, kiasi ambacho kile cha awali kitatumika katikati ya mzunguko wake. Kwani vitufe vingi mwanzoni kabisa mwa mzunguko havipitishi sawa kulia na kushoto, na mwishoni havina nafasi ya kuongeza. Besi na trebo zianzie katikati, zisogezwe kwa haja. Baada ya hayo yote, kabla ya kuongeza sauti tena, sogeza spika.

Asubuhi ile Mzenga niliitazama sabufa mchana. Simu ilikuwa imewekwa chini ya nusu, na marekebisho yake ya besi yamewashwa. Kitufe cha besi cha sabufa kilikuwa mwisho. Boksi kubwa lilikuwa kwenye pembe ya chumba, na pembe ya kuta mbili huiongeza besi bila ya kuombwa. Na zile spika ndogo, zinazosema, kijana alikuwa amezitundika dirishani zikitazama nje, ili wapitao njiani wajue kwamba nyumba hii ina muziki. Kwa hiyo Bibi, ndani ya nyumba yake, alipewa ngurumo. Maneno alipewa mpita njia.

Sikumlaumu kijana. Kuna raha katika kusikiwa, na sisi watu wa visiwani hatuwezi kumkosoa mtu kwa kutaka wimbo wake ufike barazani kwa jirani. Lakini pwani yetu ilikuwa na sheria yake ya sauti kabla ya kuwapo desibeli. Adhana ikisikika, mkono hukimbilia redio. Mtaani pakiwa na msiba, redio hunyamaza, na anayesahau hukumbushwa na mtoto atakayetumwa kwa upole: "Mama anasema mna habari ya msiba?" Leo kuna pia sheria za serikali: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za kelele zilizofuata. Kuna vile vile sheria ya mwili, ambayo haina rufaa: wataalamu wa afya kazini huhesabu kwamba sikio lisizidishiwe saa 8 kwa siku kwa sauti ya desibeli 85, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda huo hukatwa nusu, hata desibeli 94 zikabakiwa na saa moja. Kijana anayelala na ngurumo kila usiku anajinunulia mapema masikio ya bibi yake.

Nilimwomba ruhusa, tukafanya kazi pamoja. Boksi tukalitoa pembeni. Besi tukairudisha katikati, simu tukaipandisha na marekebisho yake tukayazima. Spika ndogo mbili tukaziteremsha dirishani tukaziweka juu ya kiti, hatua mbili kutoka mahali Bibi anaposukia ukili, zikimtazama. Kisha sauti ya sabufa tukaishusha hata kijana akasema, "Mjomba, hiyo si itakuwa kama redio ya mlinzi?" Nikamwambia asubiri.

Usiku wimbo ule ule uliwekwa. Bibi hakuuliza anasema nini. Alisuka kwa muda, kisha mikono ikatulia, na midomo yake ikaanza kwenda pamoja na mwimbaji. Akatueleza kwamba aliusikia mara ya kwanza akiwa msichana, kwenye redio ya mwenye duka, na kwamba duka lile walikuwa wakienda kununua chumvi hata kama chumvi ipo. Nami kwa furaha nikaimba ubeti wa pili pamoja naye, kwa kuwa wimbo huo naujua tangu utotoni. Bibi akaninyamazisha kwa mkono.

"Sivyo, baba," akasema. "Hilo neno la mwisho umelikosea. Sikiliza."

Kijana akarudisha nyuma. Tukasikiliza. Ilikuwa kama alivyosema: konsonanti moja, na kwayo kina cha ubeti mzima na maana ya lawama iliyokuwamo. Miaka arubaini nilikuwa nikiuimba wimbo ule kwa neno lisilokuwamo, kwa sababu niliusoma kwenye kaseti ya nyumbani kwetu, nakala ya nakala. Kijana akamtazama bibi yake, kisha akanitazama mimi, na kwa adabu yake hakusema ni masikio ya nani yaliyokwisha.